Herufi Mbili Chini ya Barua

Mama Derrick alikuwa na mguu usiotulia. Mtu akimwambia jambo ambalo hakulisikia vizuri, au hakutaka kulisikia, kisigino chake cha kulia kilibonyea sakafu mara mbili, taratibu, hata akiwa kwenye maombi. Mwanzoni nilidhani ni mishipa ya uzee. Nilipomzoea nikamwuliza, akacheka hadi miwani ikamtoka.

"Zacharia, huu si ugonjwa," akasema. "Hii ni kazi."

Kazi yenyewe aliifanyia chini kabisa ya hospitali moja ya Malaz, Riyadh, chumba kinachopakana na dobi. Daktari akimaliza kumwona mgonjwa, alichukua simu na kusema imla kwa Kiingereza: mgonjwa huyu ana hiki, apewe kile, arudi siku fulani. Maneno yale yalimfikia Mama Derrick masikioni, naye akayachapa yakawa barua ya kuingia kwenye faili. Chini ya meza yake kulikuwa na pedali. Ukikanyaga kwa vidole, sauti inaendelea. Ukibonyeza kisigino, inarudi nyuma usikie tena. Mtu akifanya hivyo saa nane kwa siku, miaka kumi na saba, mguu hauulizi tena kama pedali ipo au haipo.

Jina lake ni Jerioth Wanjira, mzaliwa wa Kutus kule Kenya, na wakati wa mambo haya alikuwa na miaka hamsini na minane. Mumewe alishafariki, na mwanawe Derrick ana familia yake Nakuru. Mimi ni dereva wa hospitali hiyohiyo, Mmaragoli, mtu wa hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema mimi hukasirika kwa niaba ya watu ambao wenyewe hawajakasirika. Hapa ndipo nilipompata mtu wa kukasirika kwa niaba yake.

Katika kazi ile kuna desturi mbili ambazo lazima uzijue. Ya kwanza: kila barua, chini kabisa, huwekwa herufi za majina ya daktari, halafu mkwaju, halafu herufi za mchapaji kwa herufi ndogo. Barua za Daktari Muntasir Abdelbagi, Msudani bingwa wa mifupa, ziliishia MA/jw. Hizo herufi mbili ndogo ndizo mahali pekee ambapo Mama Derrick alionekana hospitali nzima. Madaktari hawakushuka kule dobi, naye hakupanda kwao. Aliwajua wote kwa sauti. Alijua nani amegombana nyumbani na nani swaumu imemkamata. Siku moja mtu alikohoa nyuma yake kwenye lifti, akaniambia baadaye, "Yule ni Daktari wa figo," na kweli alikuwa yeye.

Desturi ya pili: neno likikutatiza, usibahatishe. Acha pengo, weka alama, mrudishie daktari ajaze mwenyewe. Hilo pengo si aibu. Mchapaji asiyeacha pengo hata moja, waliambiana wao kwa wao, ni wa kuogopwa.

Sasa huyu Daktari Muntasir alikuwa na jambo lake. Akichoka, alisema kushoto akimaanisha kulia. Alikuwa mganga hodari na mikono yake ilijua kazi, lakini ulimi ukichoka ulibadilisha pande. Mara ya kwanza Mama Derrick alipoligundua, alikuwa na wiki mbili tu Riyadh. Faili ilikuwa mbele yake, fomu ya picha ya eksirei inasema nyonga ya kulia, sauti inasema ya kushoto. Kwa desturi, alitakiwa aache pengo na kuirudisha.

"Ningemrudishiaje?" aliniuliza. "Mtu mzima, bingwa, nimwambie hujui kushoto na kulia? Hiyo si ni kumvua nguo?"

Akaangalia fomu ya picha, akachapa kulia, akanyamaza. Na kuanzia siku hiyo akawa anamsitiri hivyo, mwaka baada ya mwaka, bila pengo na bila alama.

Halafu ikaja mashine. Nasema mashine ingawa haina hata kichuma cha kushika. Ni programu, daktari anaongea na maneno yanajiandika. Mwanzoni ilikuwa inaandika vichekesho, kwa hiyo wachapaji saba wa kule chini wakaambiwa kazi yao sasa ni kuisahihisha. Wakaisahihisha. Kila kosa walilolisahihisha, ikajifunza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hawa walipewa hata sepetu na wakaambiwa asante. Saba wakawa wanne, wanne wakawa Mama Derrick peke yake na viti sita vitupu.

Siku aliyoitwa nilikuwa mlangoni na maboksi ya karatasi. Aliyemwita ni Hillary, mkuu wa kumbukumbu, kijana wa Kericho mwenye adabu zake. Nilitaka sana awe mtu mbaya ili nimchukie kwa raha, lakini alisimama kumpa mama kiti.

"Mama, mimi ni kutumwa tu," akaanza. "Wameniambia nionyeshe ni nini mtu anafanya hapa ambayo mashine haiwezi. Nikaenda nikatafuta zile ripoti zote ulirudisha juu daktari amekosea. Za wengine ni kidogo. Za Daktari Muntasir, miaka yote alikuwa hapa, ni sufuri."

Kisigino kikabonyea mara mbili. "Sema tena?"

"Sufuri, Mama. Wakubwa wakasema, kama madaktari wetu hawakosei, si wanaweza soma na kusaini wenyewe?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Hawakutuambia kwamba ukiuziba kila siku kimyakimya, wenye nyumba wataapa ukuta haujawahi kuwa na ufa. Mama Derrick angeweza kusema hapohapo. Ningesema mimi, ningekuwa nikijua. Lakini hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha, maana alihakikisha mwenyewe kwamba isiwepo. Akasema, "Sawa, mwanangu," akarudi chini, akachomoa pedali yake akaitia kwenye mkoba. Hakuna aliyemdai. Hakuna aliyekumbuka ni kifaa cha nini.

Unga ukawa umemwagika. Ikama yake, kile kibali cha kuishi Saudia, ilikuwa imebaki wiki saba. Asipopata kafili mwingine, yaani mwajiri wa kumdhamini, ndani ya hizo wiki, ni kupigwa muhuri wa kuondoka moja kwa moja. Wala usidhani ilikuwa hofu ya njaa, shamba analo. Kilichomtisha alinieleza bila kupepesa.

"Nikirudi Kutus nitaamka saa kumi na moja, nioge, nivae, halafu niende wapi? Hii ndiyo kitu pekee najua, Zacharia. Na hakuna mtu anaitaka tena."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dobi. Nikamwuliza kama amelia. Akasema amejaribu, hakuna kinachokuja. Anajihisi mwili mzima kama mkono ulioulalia.

Mahali pekee palipobaki pa kujaribu palikuwa Jeddah. Daktari Muntasir alikuwa amehamia huko miaka miwili iliyopita, kwenye kliniki moja ya mifupa. Mama Derrick aliwaza hivi: daktari mmoja tu duniani hawezi kazi bila mimi, ingawa hajui. Nikamwombe anichukue. Chini ya wazo hilo kulikuwa na jingine, ambalo alilitoa tulipokuwa tayari tumeshapita mji wa Afif.

"Miaka miwili," akasema. "Huko Jeddah nani anamrekebishia?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka, kwa kuwa kila wiki mbili napeleka vifaa tawi letu la huko. Tulitoka baada ya alfajiri. Njia nzima niliitukana mashine, nikamtukana Hillary, nikawatukana waliomtuma Hillary. Yeye alitazama jangwa mikono ikiwa mapajani, na vidole vyake vilikuwa vinacheza kidogokidogo. Ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa anachapa matusi yangu.

"Hillary hana kosa," akasema mwishowe. "Amesoma kile kimeandikwa."

"Na huyo daktari utamwambia nini?"

"Nitamwambia mimi ndiye jw."

Alilala mtaa wa Ghulail kwa Lydia, binti wa jirani yake wa Kutus, anayefanya usafi katika shule moja huko. Asubuhi nilipomfuata nilimkuta amekaa ukingoni mwa kiti, gauni la buluu limepigwa pasi, abaya juu yake, mkoba wenye pedali magotini. Lydia alikuwa amempikia chapati, hazikuguswa.

"Anti hajakula tangu jana," Lydia akaninong'oneza. "Halafu ananiitikia tu sawa, sawa. Nimemwambia hata chai mafi, hujagusa kabisa, akasema sawa."

Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu. Mama Derrick aliniomba niingie naye, tuseme mimi ni nduguye. Tulikaa kwenye kiti cha kusubiri mbele ya mlango wa daktari, na sauti ya mwanamume ikapenya mbaoni. Kwa mara ya kwanza tangu aitwe na Hillary, uso wa Mama Derrick ulifunguka.

"Ni yeye," akasema. "Ana mafua. Na hajalala."

Mlango ukafunguliwa, akatoka mzee wa Kisaudi anachechemea, goti la kulia limefungwa bendeji, mwanawe kamshika mkono. Tukaitwa sisi.

Daktari Muntasir alikuwa mrefu, nyusi nyeupe, macho mekundu kwa mafua. Miaka yote ile Mama Derrick alikuwa hajawahi kumwona. Alisimama pale katikati ya chumba, akaanza kumkagua kama mtu anayelinganisha picha na sauti. Walizungumza Kiingereza cha hospitali. Nakuwekea kwa lugha yetu.

"Karibuni. Mgonjwa ni yupi?"

"Daktari, mimi ni jw," akasema.

Daktari akasubiri maneno mengine. Mama Derrick akachukua kikaratasi mezani, akaandika MA/jw, akakigeuza upande wake. Mzee akakitazama, akatabasamu kwa kweli, tabasamu la mtu aliyekutana na kitu cha zamani.

"Hii! Nilikuwa naiona kwenye kila barua Riyadh. Nilidhani ni alama ya mashine."

Kisigino, mara mbili. "Samahani, Daktari?"

"Namba ya kompyuta, kitu kama hicho. Kumbe ni mtu?"

"Ni mtu," akasema Mama Derrick.

Aibu ilimshika mzee wa watu, akaagiza chai, akamvutia kiti mwenyewe. Mimi kichwa kilikuwa kimeshanichemka. Miaka kumi na mitano mtu anakuficha aibu, wewe unamdhani ni waya! Lakini Mama Derrick alikaa, akataja jina lake, akaeleza shida yake kwa sentensi fupi, safi, kama barua. Ikama, wiki saba, kazi yoyote ya kuchapa. Kuhusu kushoto na kulia hakusema kitu.

Daktari alisikitika, na hakuwa anaigiza. Akasema angependa sana, lakini kliniki nayo ina mashine tangu alipofika, na yeye mwenyewe ana miaka sitini na saba. Mkataba wake unatakiwa kusainiwa upya mwisho wa mwezi, hana sauti ya kuajiri mtu.

"Na zile barua mashine inaandika," Mama Derrick akauliza, "unazisoma kabla ya kusaini?"

"Wagonjwa ni wengi, dada yangu. Na tangu Riyadh sijawahi kukuta kosa."

Akaomba radhi, amalizie imla ya mgonjwa aliyetoka kabla hajasahau. Akaigeukia kompyuta, akasema haraka, kwa sauti ya mafua, maneno yakajipanga kwenye kioo mbele yetu. Mimi Kiingereza cha hospitali kinanipita, lakini haya niliyashika: goti la kushoto limechakaa, upasuaji wa goti la kushoto, Jumatano. Ukutani picha ya mgonjwa ilikuwa bado inang'aa kwenye taa, na alama kubwa ya upande wa kulia juu yake. Bendeji niliiona kwa macho yangu.

Vidole vya Mama Derrick vilikuwa vinachapa magotini. Vikasimama.

Nilijua anawaza nini, maana nami niliwaza hilohilo. Hapo palikuwa na kazi yake. Angeweza kumsubiri atoke, aende kwa wenye kliniki, awaonyeshe kile kioo: mnaona, mnanihitaji. Ama angenyamaza kama alivyozoea, lakini safari hii hakukuwa na mikono yake kati ya ule ulimi na yule mzee anayechechemea.

"Kulia, Daktari," akasema, polepole.

"Naam?"

"Ni goti la kulia. Umesema kushoto."

Daktari akatazama kioo. Akatazama picha ukutani. Akavua miwani, akaivaa tena, akafuta neno, akaandika jingine kwa kidole kimoja. Kisha akageuza kiti.

"Umejuaje?"

"Ukichoka hubadilisha."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa 2008. Siku nyingine mara tatu. Siku nyingine hakuna."

Chai ikaja, hakuna aliyeigusa isipokuwa mimi. Daktari alifungua barua zake za mwezi ule, akamwomba Mama Derrick asogeze kiti, wakazisoma pamoja, yeye akitaja upande, mama akilinganisha na fomu ya picha. Walikuta mbili. Ya kwanza mgonjwa alikuwa bado hajapasuliwa, daktari akapiga simu palepale. Ya pili alikuwa ameshapasuliwa wiki iliyopita, salama, mguu unaostahili, kwa sababu mgonjwa mwenyewe alimwonyesha muuguzi panapouma.

"Ile asubuhi nilimfokea muuguzi," daktari akasema. "Nilimwambia amechanganya karatasi."

Halafu akamwuliza Mama Derrick, kwa heshima sana, kama anaweza kumwandikia barua.

Nikajua kazi imepatikana! Nikajiona nampigia Hillary simu kumwambia maneno ambayo nisingeyaandika hapa. Mama Derrick alibadili miwani, akavuta kibao cha herufi, akakaa wima, na nikaona alivyokuwa akikaa kule chini miaka yote ile ambayo hakuna mtu aliyemwona. Daktari akasema, naye akachapa, mwendo mmoja.

Barua ilikwenda kwa wenye kliniki. Kwamba hatasaini mkataba mpya. Kwamba kuanzia siku hiyo hapasui tena. Kwamba barua zake zote za miaka miwili zikaguliwe na daktari mwingine, na yule muuguzi aombwe radhi kwa jina lake. Niliishika ile bilauri ya chai hadi ikanichoma. Daktari pekee ambaye hakuweza kazi bila yeye alikuwa anaacha kazi, na Mama Derrick ndiye aliyekuwa anachapa. Uso wake haukuonyesha chochote. Vidole havikupungua mwendo.

"Nimegundua," daktari akaendelea, "kwamba nimekuwa nikichanganya pande tangu nilipofika Jeddah."

Hapo vidole vikasita. Akachapa kitu, akaendelea hadi mwisho, akaitoa barua kwenye printa, akampa.

Mzee aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Akafika katikati akasimama.

"Hapa umeacha nafasi."

"Ndiyo, Daktari," akasema Mama Derrick. "Ndiyo utaratibu wetu. Penye shaka tunaacha pengo, daktari anajaza mwenyewe."

Niliinama nikachungulia. Baada ya neno tangu palikuwa na mstari mtupu na kialama pembeni. Daktari alilitazama lile pengo kwa muda. Akachukua kalamu, akaandika kwa mkono, 2008. Akasaini. Chini kabisa ya karatasi palikuwa na MA/jw, na nadhani vidole viliweka hizo herufi bila kuulizwa.

Tukaaga. Daktari alitusindikiza hadi mlangoni, akampa Mama Derrick mkono, akamwita kwa jina lake lote, Jerioth Wanjira, akilitamka kwa uangalifu ili asilikosee.

"Miaka kumi na mitano Riyadh," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

Niliutazama ule mguu. Nilikuwa na hakika kisigino kitabonyea, maana kama kuna swali ambalo mtu angetaka lirudi nyuma, ni hilo. Mguu ulitulia palepale kwenye marumaru. Alikuwa amelisikia vizuri mara ya kwanza.

"Nilidhani ndiyo kazi yenyewe," akasema Mama Derrick, akauweka mkoba begani, tukaelekea kwenye lifti.